Sumu Mezani kwa Jirani

Septemba na Oktoba 1984, katika mji wa The Dalles, jimbo la Oregon, Marekani, watu 751 walikula mikahawani wakaugua. Mji wenyewe ulikuwa na wakazi elfu kumi hivi, kando ya Mto Columbia. Watu wa mashamba ya matunda, watu wa kanisa, wanaojuana kwa majina. Ugonjwa ulipita katika mikahawa 10. Walitapika, wakaharisha, wakatetemeka kwa homa, na 45 wakalazwa hospitalini. Hakufa mtu. Hilo ni la kumshukuru Mungu, wala asishukuriwe aliyemwagia vijidudu vya salmonela kwenye saladi.

Maana vilimwagwa. Kwa makusudi, kwa mkono wa mtu, na mtu huyo alikuwa jirani.

Leo kisa hiki kinasimuliwa kwa kicheko. Mwaka 2018 kilitolewa katika filamu ya mfululizo iitwayo Wild Wild Country, ikapata tuzo ya Emmy, na watazamaji wengi wakatoka wakimsifu mwanamke aliyekuwa nyuma ya mambo haya: eti jasiri, eti mtundu, eti aliwakomesha wazee wa kijijini waliojifungia na ushamba wao. Sifa hizo zinakera. Kuna watu 751 waliolipia ujasiri huo kwa matumbo yao, na majina yao hayana tuzo.

Tuanze basi pale utundu ulipoanzia. Julai 1981 wafuasi wa mwalimu wa kiroho kutoka India, Bhagwan Shree Rajneesh, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Osho, walinunua ranchi ya ekari 64,000 hivi mashariki mwa Oregon kwa dola milioni 5.75. Bhagwan mwenyewe wakati huo alikuwa amenyamaza, hazungumzi hadharani. Aliyeendesha kila kitu na kusema kwa niaba yake ni katibu wake, Ma Anand Sheela. Wafuasi walivaa nguo za rangi nyekundu na machungwa, shingoni wakaning'iniza shanga zenye picha ya mwalimu wao. Wengi walikuwa wasomi: wanasheria, wahandisi, wauguzi. Walifanya kazi usiku na mchana. Ardhi iliyokuwa imechoshwa na malisho waliilima, wakajenga bwawa, barabara na uwanja wa ndege. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikuja na jembe lao, na heshima hiyo wapewe.

Tatizo lilikuwa sheria. Tangu 1973 Oregon ilikuwa na sheria kali ya matumizi ya ardhi, na ardhi ya kilimo haikuruhusiwa kugeuzwa mji hivi hivi. Wakaambiwa: mkitaka ofisi na viwanda, nendeni kwenye mji uliopo. Mji uliopo ulikuwa Antelope, kiasi cha kilomita 30 kutoka ranchi, wenye watu 40 hivi, wengi wao wastaafu, na duka moja lililokuwa pia mkahawa.

Wakaenda. Wakanunua nyumba moja baada ya nyingine. Wenyeji waliogopa, wakaona heri waufute mji kisheria kuliko kuukosa; Aprili 1982 wakaitisha kura, na wageni waliokwisha kujiandikisha wakaishinda kwa kura 55 dhidi ya 42. Kabla mwaka haujaisha baraza la mji lilikuwa mikononi mwa wageni. Ndipo utundu ukapata muhuri wa serikali. Sehemu ya bustani ya mji ikatengwa kwa ajili ya watu kuota jua wakiwa uchi, mbele ya wazee waliozoea kwenda kanisani Jumapili. Mkahawa ukabadilishwa jina. Kodi ikapanda. Askari wa ranchi wakawa wanapita mitaani wakiwamulika watu. Mwaka 1984 hata jina la mji likafutwa, ukaitwa Rajneesh.

Wenyeji nao hawakuwa wasafi. Walibandika kwenye magari yao maneno ya kuwatakia wageni kifo. Walivaa kofia zenye picha ya Bhagwan ikiwa shabaha ya bunduki. Julai 1983 hoteli ya wafuasi hao mjini Portland ililipuliwa kwa mabomu, ingawa si na wenyeji, na hofu ya wageni tangu siku hiyo haikuwa ya kubuni. Asitokee mtu hapa kusema kwamba Oregon ilikuwa vita ya watu wema na watu wabaya. Hasira za wenyeji zilipotelea kwenye nguo nyekundu, kwenye shanga, kwenye magari 93 ya Rolls-Royce ya Bhagwan. Mtu akipiga kelele kila siku juu ya vazi la mwenzake, siku atakapopiga kelele juu ya jinai nani atageuka kumsikiliza?

Na jinai ilikuja. Tarehe 29 Agosti 1984 makamishna wa kaunti ya Wasco walikwenda kukagua ranchi. Siku ilikuwa ya joto. Wawili kati yao walipewa maji ya kunywa. Wote wawili wakaugua, mmoja wao hata akalazwa akiwa hali mbaya. Jamani, maji! Hakuna kijiji katika Afrika Mashariki, kiwe cha Waislamu au Wakristo, cha wafugaji au wavuvi, ambako mtu hajui uzito wa kumpa mgeni maji. Aliyefika mlangoni hata kama ni adui hupewa maji kwanza, maneno yakafuata. Watu wa Sheela walichukua tendo hilo la kwanza la utu wakalitilia ugonjwa. Huu si mgongano wa mila, na anayeufundisha hivyo anawadanganya wanafunzi wake.

Wiki chache baadaye zikafuata meza za saladi za The Dalles. Hesabu yao ilikuwa ya kura. Novemba mwaka huo kulikuwa na uchaguzi wa kaunti hiyo ya Wasco, ulimo mji wa The Dalles, na viongozi wa ranchi walitaka viti. Mpango ulikuwa na miguu miwili. Wa kwanza, kuongeza wapigakura wao: maelfu ya watu wasio na makazi walikusanywa kutoka miji mbalimbali ya Marekani, wakaletwa kwa mabasi, wakaahidiwa kitanda, chakula na bia. Wa pili, kupunguza wapigakura wa wengine: wakazi waambukizwe ugonjwa ili siku ya kura wabaki kitandani. Watu 751 walikuwa majaribio tu.

Mguu wa kwanza ulivunjika pale maofisa wa uchaguzi waliposimamisha uandikishaji na kutaka kila mwombaji ahojiwe kama kweli ni mkazi. Walioletwa kwa mabasi wakawa hawana faida tena, wakatelekezwa katika miji ya jirani, na mashirika ya hisani ndiyo yaliyohangaika kuwatafutia nauli. Watu hawa hawasemwi sana. Walikuwa maskini, wengine wagonjwa wa akili, waliobebwa kama kura na kutupwa kama maganda. Anayemsifu Sheela kwa ujasiri aanze kwa kujibu hili.

Na sasa aibu ya upande wa pili, aibu ya walio madarakani. Wataalamu wa afya walipochunguza ule ugonjwa waliona wahudumu na wapishi wengi nao wameugua, wakafikia hitimisho kwamba huenda wao ndio waliouleta kwa usafi mbovu. Kwa karibu mwaka mzima lawama ikakaa mabegani mwa waosha vyombo na wakata mboga, watu wa mshahara mdogo wasio na wakili. Wakazi walikuwa wakisema wazi wanayemshuku. Februari 1985 James Weaver, mbunge kutoka Oregon, alisimama katika Bunge la Marekani akaeleza kwa nini usafi wa wapishi hauwezi kueleza mikahawa 10 kwa mpigo, na akazielekeza tuhuma zake kwenye ranchi. Alionekana mzushi mwenye chuki ya dini.

Ukweli haukutolewa na uchunguzi. Ulitolewa na ugomvi. Septemba 1985 Sheela na wasaidizi wake walikimbilia Ulaya, na Bhagwan mwenyewe akaita waandishi wa habari akamshutumu Sheela kwa sumu. Polisi walipoingia katika maabara ya ranchi walikuta vijidudu vya aina ile ile iliyowaangusha watu wa The Dalles. Sheela alikamatwa Ujerumani Magharibi, na mwaka 1986 akahukumiwa miaka 20; akakaa gerezani miezi 29, akaachiwa, akaenda kuishi Uswisi. Bhagwan alifukuzwa nchini. Antelope ilirudishiwa jina lake Novemba 1985. Mwaka uliofuata wapigakura wa Oregon waliweka katika katiba ya jimbo lao kwamba mtu ajiandikishe angalau siku 20 kabla ya uchaguzi.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya Oregon peke yake. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, Kenya, yalianza kufukuliwa makaburi ya wafuasi wa mhubiri mmoja, na hatimaye hesabu ya miili ikapita 400. Kisa ni kingine na mauti yalikuwa ya kutisha zaidi. Lakini huko pia watu walikuwa wametoa taarifa mapema, na taarifa hazikufanyiwa kazi inavyostahili. Huko pia kulikuwa na ardhi ya mbali, kiongozi wa dini asiyeulizwa, na maofisa walioona ni mambo ya imani ya watu.

Basi imani ya watu iachwe, na vazi la watu liachwe. Mgeni akiimba usiku, akivaa rangi isiyozoeleka, akisali kwa namna yake, hilo halihitaji mkutano. Lakini akitaka ardhi, mkutano uitwe! Tanzania sheria ipo tangu 1999: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu. Kwa nini basi mikataba inasainiwa chini ya mwembe na watu watatu, wananchi wakiona trekta tu? Wajumbe wa halmashauri waulizwe hilo mbele ya watu, na wajibu. Daftari la wakazi lisomwe hadharani kabla ya uchaguzi, jina kwa jina, na anayeletwa kwa basi aulizwe analala wapi, kwa upole, maana huenda yeye ndiye wa kwanza kuonewa. Mwenyeji anayetishia kumchomea mgeni nyumba apelekwe polisi siku hiyo hiyo, hata akiwa mtoto wa mwenyekiti. Na mwananchi akifika zahanati akisema chakula kimetiwa kitu, maneno yake yaandikwe, sampuli zipelekwe, kila mkahawa uliotajwa ufuatiliwe, na mama aliyekatakata kachumbari asiitwe mchafu kabla majibu ya maabara hayajarudi.