Deni kwa Waliokubali Kuhesabiwa



Mwaka 1984 dunia ilikuwa imeshavijua virusi vya UKIMWI, lakini dawa hakuna. Katika miji ya Marekani ya Los Angeles, Chicago, Pittsburgh na Baltimore, wanaume karibu elfu tano, wapenzi wa jinsia moja, walianza kujiandikisha katika utafiti mmoja mkubwa. Baadhi yao walikuwa tayari wameambukizwa, wengine bado. Kila baada ya miezi sita walifika, wakatoa damu, wakapimwa, wakajibu maswali ambayo mtu hamjibu hata ndugu yake wa tumbo moja. Na hiyo ni Marekani ambayo majimbo mengi bado yalihesabu mapenzi yao kuwa jinai. Siri ikivuja, kazi imekwenda, na nyumba ya kupanga nayo imekwenda.

Walikufa wengi. Miaka ile, aliyeambukizwa alikaa kama miaka kumi kabla ya kuugua UKIMWI, na akishaugua, mara nyingi hakumaliza miaka miwili. Lakini kulikuwa na kitendawili: huyu anazikwa baada ya miaka mitatu, mwenzake aliyeambukizwa wakati uleule anatimiza kumi na mitano akiwa anakwenda kazini. Kwa nini?

Jibu lilikuwa limegandishwa kwenye majokofu. Mwaka 1996 Dakta John Mellors na wenzake walipima damu ya zamani ya wanaume wa Pittsburgh, wakaona kwamba wingi wa virusi katika damu ile ya mwanzo ulitosha kuonyesha nani ataugua mapema na nani atachelewa. Mwaka huohuo tiba ya kuchanganya dawa tatu ikaanza kuenea. Mwaka 1997 vifo vya UKIMWI Marekani vikashuka kwa karibu nusu, ndani ya mwaka mmoja tu.

Kwa hiyo leo, mama mjamzito wa Mbeya au dereva wa lori wa Busia anapotolewa damu ili kupima wingi wa virusi, akaambiwa vimefubaa, endelea na dawa, anafaidi elimu iliyotokana na damu ya watu ambao pengine asingependa hata kuwataja. Hilo ni deni, tulipende tusilipende.

Na waliobaki hai wako wapi? Wamezeeka. Leo zaidi ya nusu ya wanaoishi na VVU Marekani wamevuka miaka 50. Wamo waliouza bima zao za maisha miaka ya tisini kwa kuamini kaburi liko karibu. Fedha zikaisha, wao wakabaki, bila akiba ya uzeeni na bila marafiki wa ujana, kwa sababu marafiki walishazikwa.

Mwili nao unadai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia watu wenye bima ya afya Marekani, ulionyesha kwamba mwenye VVU anakaribia umri wa kuishi wa wenzake, amepungukiwa miaka tisa. Lakini magonjwa sugu, kama ya moyo, ini, figo au mapafu, humfikia miaka kumi na sita mapema zaidi. Na hao ni wenye bima. Wanaume weusi wenye VVU wameendelea kufa zaidi kuliko weupe, ilhali dawa ni zilezile.

Maoni yangu ni haya. Dawa peke yake haikuwaokoa wanaume wale. Waliokolewa pia na kliniki ambazo ziliwapokea bila kuwatukana na zikatunza siri zao. Kama wangefukuzwa mlangoni mwaka 1984, ile damu isingekuwepo, na sisi tungechelewa kujua tunachokijua.

Wahudumu wa afya mnaonisikiliza, kwetu nako walioanza dawa miaka ishirini iliyopita wanaingia uzeeni. Msiishie kuhesabu vidonge. Wapimeni shinikizo la damu, sukari na figo. Na anayeingia mlangoni, awe nani awe, mpeni huduma na mtunzieni siri yake. Hukumu si kazi ya kliniki.