Majivu, Mboji na Udongo Mwekundu wa Yakobi

Leo tuko Yakobi, Njombe, nyuma ya jiko, bustanini.

Tazama majani ya mahindi machanga. Yakigeuka zambarau, wengi tunasingizia baridi. Baridi ya Njombe ina lawama yake, lakini mara nyingi mmea unalilia fosforasi. Na huenda fosforasi ipo, umeinunua mwenyewe kwenye mfuko wa mbolea ya DAP! Mvua zetu za Novemba hadi Mei zimeosha rutuba miaka na miaka, udongo umebaki na tindikali, na madini ya chuma na alumini yanaishikilia fosforasi, mizizi isiipate. Ukizidisha urea kila msimu, tindikali nayo inapanda.

Dawa ya kuanzia iko jikoni: majivu ya kuni hupunguza tindikali. Nyunyiza kwa mkono mwepesi, kama chumvi kwenye mboga, uchanganye na udongo wiki chache kabla ya kupanda. Usiyachanganye na samadi mbichi. Ile harufu inayochoma pua ni naitrojeni inayopotea. Tuta la viazi mviringo usilimwagie, maana tindikali ikipungua, ugonjwa wa magamba ya ngozi ya kiazi hupata nafasi.

Halafu mboji, na hapa nina ugomvi na kiberiti. Mabua tunayochoma baada ya mavuno ndiyo chakula cha udongo. Yakatekate, uyapange kwa tabaka pamoja na majani mabichi, samadi na udongo kidogo, ukimwagia maji. Majani ya misindano yaache, yanachelewa mno kuoza. Chomeka kijiti katikati ya lundo. Baada ya siku tatu nne kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikinuka uvundo, maji yamezidi, pindua lundo. Huku kwetu baridi hulichelewesha, kwa hiyo lipe miezi minne.

Kona iliyochoka kabisa, panda marejea, mmea wa kurutubisha udongo, mvua zikianza. Watawa Wabenediktini wa Peramiho, majirani zetu wa Songea, waliyahimiza sana miaka ya 1980. Vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani. Yakianza kutoa maua, yafyeke uyafukie. Ukichelewa, mashina hukomaa na kuoza kwake ni shida. Ila bakiza mstari mmoja pembeni ukauke, upate mbegu ya mwakani.