Baisikeli ya Mkulima katika Kiangazi na Masika

(Maneno ya Katibu wa chama cha msingi mbele ya wanachama na maofisa, katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu, Same)



Nilipopata habari kwamba nami nimepewa nafasi ya kusema leo, nilidhani nitaambiwa niseme juu ya hesabu, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Bwana Mwenyekiti akanijibu kwamba hesabu zitasomwa na wanaostahili kuzisoma. Mimi niseme juu ya baisikeli. Naona wengine wanacheka, wala sikasiriki. Lakini nawaomba mnistahimilie, kwa kuwa sehemu kubwa ya hesabu zile nzuri mlizosikia asubuhi zilifika ofisini juu ya magurudumu mawili.

Ni kweli kwamba siku hizi pikipiki zimejaa katika njia zetu, na mwenye haraka hupanda bodaboda. Hata hivyo pikipiki hudai petroli kila siku, na hasa siku ile ambayo kahawa haijalipwa. Baisikeli hudai matone machache ya mafuta na nusu saa ya mwenyewe. Kwa hiyo karani wa mizani angali anaipanda, na mkulima wa Ndungu au Kihurio angali anafunga gunia lake la mpunga juu ya keria.

Sasa nitasimulia kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wa kwanza wa ukatibu wangu, wakati wa masika, nilikuwa nikishuka kutoka upande wa Mbaga na daftari la mizani nimelifunga nyuma. Mipira ya breki ilikuwa imelika hata chuma kikaanza kuonekana. Nalijua jambo hilo kwa muda wa majuma mawili, nikawa nasema kesho, kesho. Mvua ikanikuta njiani. Penye kona ambapo mfereji hukata njia nilishika breki kwa mikono yote miwili, na baisikeli ikaendelea kana kwamba sikuishika. Mimi nilichubuka magoti tu. Daftari lilianguka majini, na uzito wa kahawa ya wakulima kumi na mmoja haukusomeka tena.

Tisa walikuwa na stakabadhi zao. Wawili walikuwa wamezipoteza. Halmashauri ilikaa siku nzima kwa ajili ya kilo za watu wawili. Mmoja alikubali makisio yetu. Wa pili hakukubali, na mpaka leo tukikutana hunipa salamu kwa kuwa salamu ni wajibu, basi. Mpira wa breki ni kitu cha bei ndogo, mabwana na mabibi, nami sijaona bado kitu kilichonigharimu zaidi.

Nchi yetu ya Upare ina tabia yake. Mtu aliye kwenye tambarare pande zote huwa na kiangazi, kisha huwa na masika. Sisi huweza kuondoka Same asubuhi katika vumbi na miiba, tukafika milimani adhuhuri katika ukungu na matope. Baisikeli yetu yapasa iwe tayari kwa majira mawili kwa siku moja.

Nianze na vumbi. Wengi wetu tukiona mnyororo unalia, tunaumwagia mafuta mpaka yanadondoka, kisha tunaondoka tukiwa tumeridhika. Mafuta yale hushika vumbi, na vumbi na mafuta vikichanganyika vinakuwa tupa ya kukwangulia meno. Uvue mnyororo, uuoshe kwa mafuta ya taa, uuache ukauke. Kisha utie tone moja katika kila kiungo, uuzungushe, na yale yaliyobaki nje uyafute kwa kitambaa mpaka uuone kama mkavu. Kuna na kipimo, nacho ni rahisi kwa kila mwenye rula. Kutoka pini ya kwanza hata ya ishirini na tano pawe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa thumuni ya inchi, mnyororo umekwisha. Ukiuacha, utakula na gia zake, nawe utanunua vyote badala ya kimoja.

Halafu miiba. Yule Dunlop, mganga wa wanyama wa Belfast, ambaye mwaka 1888 alipata hati ya mpira wa kujazwa upepo, alikuwa na akili nyingi, lakini hakuijua mbigili ya Same. Wazee wetu waliijua, wakapata dawa: mpira wa ndani uliozeeka huchanwa kwa urefu, ukatandikwa baina ya tairi na mpira mzima. Gurudumu huwa zito kidogo, lakini utafika. Na utiapo kiraka, paparuza mahali penyewe, paka solusheni nyembamba, kisha ungoje ikauke ndipo ubandike. Viraka vingi vinavyobanduka jua la saa saba vilibandikwa na mtu asiyengoja. Kumbuka pia kale kampira kembamba ka valvu. Joto hukaozesha, na mtu husukuma baisikeli maili nyingi akidhani ametobokewa.

Ijapo mvua, jambo la kwanza ni breki. Baisikeli zetu nyingi, ziwe za Uingereza, za Uhindi au za Uchina, zina rimu za chuma, na chuma kikilowa mpira huteleza juu yake. Kwa hiyo, kabla ya mteremko, anza kushika breki kidogo kidogo ungali mbali, ili mpira upanguse maji kwanza. Mwenye gunia nyuma asipande kabisa penye mteremko mkali, ashuke, aisukume. Najua vijana huona aibu.

Udongo wetu mwekundu hujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu likataa kuzunguka. Chukua kijiti cha kuukwangulia, wala usikaze kwa nguvu za pedali. Ukivuka kijito maji yakafika kwenye pedali, yameingia pia mahali penye golori. Hapo hayaonekani, lakini kutu haikawii. Kwa sababu hiyo mimi huzifungua golori mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na baada ya masika, nikatia grisi mpya. Na gunia la kahawa kavu lifunikwe turubai hata kama mbingu ni nyeupe. Kahawa iliyolowa hushuka daraja, na daraja halina kiraka.

Wazee wetu hawakungoja mvua inyeshe ndipo wakazibue ndiva. Walitangaza siku, kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Nimeona kwamba twaweza kufanya vivyo hivyo, ndiyo sababu naleta ombi hili mbele ya Halmashauri: kila ghala liwe na sanduku moja lenye pampu, spana, solusheni, mipira ya breki na mikebe ya grisi, likae chini ya ufunguo wa karani, na kila kitu kitokacho kiandikwe. Mwanachama atalipia alichotumia wakati wa malipo ya kahawa au mpunga wake. Nimekwisha kuandika makisio ya gharama, nayo yapo mezani kwa Mweka Hazina.

Kabla Halmashauri haijatoa uamuzi, Jumamosi saa mbili fundi atakuwa chini ya mwembe nyuma ya ghala letu. Mafuta ya taa yapo. Kila mtu aje na kitambaa chake, na mwenye rula aje nayo, kwa maana ya ofisi ni moja tu.