Mizabibu na Maji Yaliyofichika

Jumapili ya Tano ya Pasaka, Mwaka B
Injili: Yohane 15:1-8



Injili ya leo inatupeleka shambani. Usiku ule wa kuagana na wanafunzi wake, Bwana wetu alijifananisha na mzabibu, akamfananisha Baba na mkulima, nasi akatufananisha na matawi. Wako Wakristo wengi barani kwetu wanaousikia mfano huu bila kuwahi kuuona mmea wenyewe. Sisi wa Dodoma hatuna udhuru huo. Tangu wamisionari walipopanda mizabibu kule Bihawana wapate divai ya misa, mmea huu umekuwa mwenyeji wetu, nao leo unalimwa Mpunguzi, Hombolo, Veyula, Makutupora na vijiji vingine vingi.

Hata hivyo, wengi wetu tunaifahamu mizabibu hiyo kwa kuitazama dirishani mwa basi. Basi leo tuishike kwa miguu njia ya kaskazini, kutoka mjini hadi bonde la Makutupora, mwendo wa zaidi ya kilomita 20. Makatekista wetu hawatashangaa, kwa maana kutembea kutoka kigango hadi kigango, jua likiwa utosini, ndiyo kazi yao ya kila juma. Tena Maandiko yanatupa mfano. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 13, Musa aliwatuma watu 12 waipeleleze nchi ya ahadi. Walizunguka siku 40, wakafika bonde la Eshkoli, wakakata kichala cha zabibu kikubwa hata kikachukuliwa na watu wawili kwa mti. Wote 12 walikiona kichala kile kile. Walakini 10 walirudi na habari ya kuwavunja watu moyo, na wawili tu, Yoshua na Kalebu, wakarudi na habari ya tumaini. Kumbe haitoshi kupita bondeni na kuona. Mungu anatuuliza tumerudi na habari gani.

Je, sisi tunaona nini njiani?

Kwanza, tunaona mkulima na mkasi wake. Katika nchi za baridi, kipupwe ndicho kinachoupumzisha mzabibu. Kwetu hakuna theluji. Mkasi ndio unaouamsha mzabibu uanze upya. Kwa hiyo hapa Dodoma mzabibu hupogolewa mara mbili na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na mwezi Machi na tena karibu na Agosti au Septemba. Apitaye kwa haraka akiona matawi yamelala chini atadhani shamba limeharibiwa. Asimamaye akamsalimu mkulima ataelezwa kwamba pasipo kukata hakuna kichala. Ndugu zetu mliokatwa na msiba au ugonjwa, msikubali kuambiwa kwamba Mungu amewatupa. Tawi lililopogolewa bado liko katika mzabibu.

Pili, tunaona mto usio na maji. Kinyasungwe Ndogo, kama mito mingi ya Ugogo, kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Mvua yetu haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini mama wa kijijini hadanganywi na mchanga ule. Anapiga magoti, anachimba kwa kibuyu au kwa sahani, anangoja, na maji yanakuja. Hivyo ndivyo Bwana anavyotaka tukae ndani yake: si kwa furaha ya siku za mvua peke yake, bali pia kwa kuchimba na kungoja sala inapokuwa kavu.

Tatu, tunafika kwenye visima vya Makutupora. Humo ndimo mji wetu umekunywa tangu miaka ya 1950. Vipimo vya visima hivyo, vilivyotunzwa kwa zaidi ya miaka 50, vimewafundisha wataalamu jambo la kustaajabisha: maji ya chini hayajazwi sawasawa kila mwaka. Hushuka polepole kwa miaka mingi, kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa, kama zile za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na akiba inapanda tena. Mji mzima, basi, huishi miaka kadhaa kwa neema ya msimu mmoja. Na neema hiyo inadumu kwa sababu ardhi inayoipokea imehifadhiwa.

Hapa, ndugu wapendwa, ndipo Injili inapotugusa mfukoni na mezani. Bonde likihifadhiwa, yuko mtu anayeambiwa asijenge pale, asilime pale, asipeleke ng'ombe wake pale. Yeye ananyimwa ili sisi tunywe. Mji uliochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, unakua mbele ya macho yetu, na kiu yake inakua pamoja nao. Je, tunapofungua bomba tunamkumbuka jirani huyo? Au tunamkumbuka tu anapokata mti, ili tumlaumu? Na anayemiliki viwanja vitatu mjini, akitafuta cha nne ndani ya bonde lililokatazwa, amwambie Mungu anataka kujenga juu ya kikombe cha nani.

Tawi haliwezi kusema, mimi nanyonya utomvu wangu, matawi mengine shauri yao. Utomvu ni mmoja. Maji ya bonde ni yale yale kwa tajiri na maskini, kwa shamba na kwa jiji. Na divai inayoletwa altareni ni kazi ya mkulima ambaye pengine mwaka huu amekosa mnunuzi, zabibu zake zikaharibika mikononi. Hatuwezi kuipokea sadaka hiyo kwa heshima huku tukimpunja aliyeilima.

Tunawaomba makatekista, juma hili, muwachukue watoto wa mafundisho mtembee nao hadi shamba la jirani au mto wa karibu. Waulizeni maji yanatoka wapi, nani anayalinda, nani anakosa ili wengine wapate. Kisha wasomeeni Injili hii papo hapo. Wakirudi nyumbani, warudi na habari ya Yoshua na Kalebu: kwamba nchi hii ni njema, na kwamba Mungu ametukabidhi ili tuitunze pamoja.

Tuombe. Ee Baba, uliye mkulima wetu, utupogoe bila kututenga. Utujalie kudumu katika Mwanao wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, wala tusinywe kamwe na kumsahau jirani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.