Maumivu ya Nyonga kwa Mama Mjamzito



Yuko mama ambaye siku zote amezoea kuamka alfajiri, kuteka maji, kutafuta kuni na kulima, wala hakuna aliyewahi kumwita mvivu. Mimba yake ifikapo mwezi wa sita, huonekana akishika ukuta ili ainuke, na debe la maji humshinda. Mama mkwe hunong'ona kwamba mimba si ugonjwa. Mume naye hudhani mkewe anajidekeza. Mwenyewe hunyamaza kwa haya, kwa kuwa mahali panapouma hapatajwi mbele ya watu. Lakini mama huyo si mvivu. Ana maumivu ya nyonga, ambayo huweza kumpata mjamzito 1 katika kila 5.

Nyonga ni kama pete ya mifupa. Mbele, penye kinena, mifupa miwili hukutana na kuunganishwa kwa gegedu. Nyuma kuna viungo viwili, kimoja kila upande, ambapo nyonga hushikana na uti wa mgongo. Kwa kawaida nafasi iliyo kati ya mifupa ya kinena ni milimita 4 au 5 tu. Wakati wa mimba mwili hutoa homoni zinazolegeza kano ili mtoto apate njia, na nafasi hiyo huongezeka kwa milimita 2 au 3. Hayo ni maumbile, tena ni mema. Taabu huja kiungo kimoja kikicheza kuliko mwenziwe, huku tumbo likizidi uzito na misuli ikilazimika kukishika kile ambacho kano zimekiachia. Ndiyo sababu mama huumwa apandapo ngazi, ajigeuzapo kitandani, au asimamapo kwa mguu mmoja kuvaa nguo. Maumivu hayo hayamdhuru mtoto aliye tumboni. Anayeumia ni mama.

Dawa ya kwanza si kidonge. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mazoezi ya mwili katika muda wote wa mimba ili kuzuia maumivu ya kiuno na nyonga, likataja pia matibabu ya viungo, mshipi wa kushikilia nyonga, na tiba ya sindano ya Kichina. Mazoezi yenyewe si mbio. Ni kukaza na kulegeza misuli ya matako, ya chini ya tumbo, na ile izuiayo mkojo, kama mama atakavyoonyeshwa na mtaalamu wa viungo. Kulala siku nzima kwa hofu hakufai, maana misuli ikidhoofika viungo hukosa mshikaji.

Nyumbani yako mengi yasiyohitaji fedha. Mama alale ubavu, mto ukiwa katikati ya magoti. Atakapo kugeuka, ayabane magoti na kugeuka mwili mzima kama gogo. Avae nguo akiwa ameketi. Asimbebe mtoto mkubwa kiunoni upande mmoja, wala asichukue kuni mgongoni kwa ukanda wa kichwani. Hapo ndipo mume, mawifi na watoto wakubwa wanapotakiwa. Shauri la daktari halina nguvu ikiwa debe bado linamngoja mama yule yule mtoni.

Vidonge vya parasetamoli huweza kutumika kwa kipimo alichoagiza mganga. Ibuprofeni na dawa za namna yake zisinunuliwe dukani ovyo, hasa baada ya wiki 20 za mimba, kwani huweza kuzidhuru figo za mtoto.

Hata hivyo, si kila maumivu ya chini ya tumbo hutoka katika mifupa. Mama akitokwa na damu au maji, akipata homa, mkojo ukimchoma, mtoto akipunguza kucheza, au maumivu yakija na kuondoka kwa vipindi kabla ya wakati, apelekwe hospitali siku ile ile.

Siku za kujifungua zikikaribia, mkunga aelezwe mapema, apime magoti yaweza kuachana kadiri gani bila kuumiza. Mama huweza kuzaa akiwa amelala ubavu au amepiga magoti, na kwa kawaida hahitaji kupasuliwa kwa sababu ya nyonga peke yake. Baada ya uzazi wengi hupona katika majuma au miezi michache. Asiyepona arudi kliniki na kulitaja jambo hilo waziwazi, hata kama aliyemleta alikuja kwa ajili ya chanjo ya mtoto tu.