MBEGU ZA MABOGA, CHAKULA KITAMU TUNACHOKITUPA
Maneno kwa mama na baba walimao pande za Bukavu, Kabare na Walungu



Leo tutasema habari ya kitu kidogo. Si ng'ombe, si kahawa, wala si mbolea. Ni mbegu za maboga, zile ambazo mama akipasua boga huzikwangua kwa kisu na kuzitupa nje, kuku wazile. Nataka mjue ya kuwa mbegu hizo zina nguvu kupita nyama ya boga lenyewe. Tena zikikaangwa vizuri, na kutiwa utamu kidogo na viungo, mtoto atazipenda kama apendavyo peremende.

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili ni kubwa. Tazameni sahani ya mtoto katika nyumba nyingi za kwetu. Bugali wa muhogo asubuhi, bugali wa muhogo jioni, na sombe kidogo. Tumbo limejaa, mtoto halii, na mama hudhani kwamba amekula vema. Lakini unga wa muhogo hushibisha tu, haujengi mwili. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, chakula cha kujenga mwili, ndicho waganga wanachokiita protini, ni kama gramu 1 au 2 tu. Katika maharagwe makavu ni kama gramu 22. Katika mbegu za maboga zilizomenywa ni kama gramu 30, pamoja na mafuta mengi mazuri karibu gramu 49, tena na madini ya chuma na ya zinki.

Mtoto akikosa vyakula vya kujenga mwili siku nyingi, mnajua yanayompata. Miguu yavimba, uso wavimba, nywele zageuka nyekundu na kung'oka upesi, naye hukaa pembeni hataki kucheza. Ugonjwa huo huitwa kwashiorkor. Daktari Cicely Williams aliuandika kwa jina hilo mwaka 1935, alipofanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Jina ni la lugha ya Waga, nalo maana yake ni ugonjwa wa mtoto ambaye mdogo wake amezaliwa, akaondolewa kwenye ziwa la mama. Kwetu Kivu ugonjwa huu si mgeni. Pale Lwiro, ambako chuo cha uchunguzi cha IRSAC kilijengwa baada ya kuundwa mwaka 1947, waganga waliwachunguza na kuwatunza watoto wenye njaa ya namna hii miaka mingi.

Na feza ya nyama iko wapi? Sambaza za ziwa ni nzuri, lakini si kila siku mama anaweza kuzinunua. Mwezi wa pili wa mwaka 2025, vita vilipoingia Bukavu, mabenki yalifungwa, na wengi hata wenye mshahara walikosa feza mkononi. Siku kama hizo ndizo zinazotufundisha kutazama kwanza kile tulicho nacho nyumbani. Boga hukua juu ya lundo la takataka, halidai dawa wala mbolea ya dukani. Majani yake, bishusha, tunayala. Nyama yake tunaila. Kwa nini tutupe kilicho bora ndani yake?

Labda mtu atasema, «Mbegu ni chakula cha panya, si cha watu.» Nami namjibu: boga lilitoka Amerika kama vile muhogo, mahindi na maharagwe yalivyotoka huko. Katika nchi ya Meksiko watu walilipanda yapata miaka 10,000 iliyopita, na hata leo wanakula mbegu zake kwa chumvi na pilipili. Huko Amerika ya Kaskazini, miezi ya kumi na kumi na moja, baridi ianzapo na maboga yamevunwa, watu huzikaanga kwa sukari na mdalasini. Katika Austria, jimbo la Steiermark, hulima boga ambalo mbegu zake hazina ganda gumu, na kukamua mafuta yake, mafuta ya bei kubwa. Wala hatuna haja ya kwenda mbali: kule Kinshasa mbegu hizi huitwa mbika, husagwa na kupikwa ndani ya majani, na mgeni mwenye heshima hupewa. Basi si panya peke yake ajuaye kitu kizuri.

Sasa sikilizeni namna ya kufanya.

Kwetu hakuna majira ya baridi kama ya Ulaya, lakini tuna kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane. Huo ndio wakati mzuri wa kazi hii, kwa sababu jua ni la kukausha. Chagua boga lililokomaa. Kikonyo chake kiwe kikavu na kigumu, na ukucha usiweze kutoboa ganda. Boga changa lina mbegu nyembamba, ndani hamna kitu.

Kabla ya yote, onja kipande kidogo cha nyama ya boga. Kikiwa kichungu, tema. Usile boga hilo wala mbegu zake, wala usizipande. Uchungu huo ni sumu ya kuumiza tumbo, na kupika hakuiondoi. Huweza kutokea nyuki wakichanganya ua la boga na ua la kibuyu kichungu cha jamii yake.

Kisha toa mbegu. Zitie ndani ya maji, zisugue kwa mikono, na nyuzi za boga zitatoka. Mbegu nzito na nene zaidi, za boga bora kupita yote, weka pembeni kwa kupanda. Zikaushe mahali penye kivuli na upepo, uziandikie alama. Mbegu iliyokaangwa haioti tena. Mkulima anayekula mbegu yake yote, mvua za mwezi wa tisa zitamkuta mikono mitupu.

Mbegu za kula, ziloweke usiku mmoja katika maji yenye chumvi. Asubuhi zichuje, zitandaze juu ya lungo au mkeka safi, si chini udongoni, na zipate jua siku mbili au tatu. Usiku ziingize ndani, zisipate umande. Mbegu iliyokauka vizuri huvunjika kwa sauti. Iliyo mbichi hukunjika. Ukiona ukungu, au harufu mbaya, zitupe zote. Sumu ya ukungu haiondoki kwa moto, nayo huharibu ini la mtu polepole.

Sasa kukaanga. Pima vikombe viwili vya mbegu kavu. Washa mbabula, lakini ngoja makala yawe mekundu bila ndimi za moto. Weka kikaango kikavu, mimina mbegu, nawe usiondoke hapo. Koroga kwa mwiko wa mti daima, dakika kumi mpaka kumi na tano. Zitaanza kupasuka-pasuka na kuruka, na rangi yake itakuwa kama ya dhahabu. Zitoe upesi uzimwage juu ya lungo, kwa maana zikiachwa katika kikaango cha moto zitaungua hata moto ukizimwa. Mbegu nyeusi ni chungu, wala hakuna sukari ya kuificha.

Halafu utamu. Tia katika kikaango vijiko viwili vikubwa vya sukari na vijiko viwili vya maji. Maji yakichemka na kuwa mazito, yenye mapovu makubwa, rudisha mbegu zako. Ongeza nusu kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kidogo kimoja cha tangawizi iliyokaushwa na kusagwa, na nusu kijiko kidogo cha mdalasini. Apendaye ukali atie pilipili kidogo, lakini si kwa watoto. Koroga bila kupumzika. Sukari itakauka, itakuwa nyeupe na kushika kila mbegu. Hapo ondoa motoni, tandaza, tenganisha kwa mwiko, na uache zipoe kabisa. Mwenye asali na atumie kijiko kimoja cha asali mahali pa sukari, lakini aitie mwishoni, moto ukiwa mdogo sana, kwa sababu asali huungua upesi.

Kama mdalasini haupatikani, usikae kuungoja. Tangawizi na chumvi zatosha. Wala usiongeze sukari kupita kipimo nilichosema. Sukari ni mlango wa kumwingiza mtoto, chakula chenyewe ni mbegu. Mama anayetia sukari kikombe kizima amepika peremende, na meno ya mtoto yataoza.

Weka mbegu zilizopoa katika chupa kavu au kopo lenye kifuniko. Ukizifunika zingali moto, zitatoa jasho na kulegea. Kula katika majuma mawili au matatu, maana mafuta yake yakikaa sana huchacha.

Sasa nawapa maonyo manne, mama na baba, nanyi msiyasahau.

La kwanza: mtoto mdogo, asiyetimiza miaka mitano, msimpe mbegu nzima. Yaweza kumkaba kooni. Menya, twanga katika kinu mpaka ziwe unga, na utie kijiko kimoja au viwili katika uji wake. Tena mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo.

La pili: msile kamwe mbegu zilizogawiwa kwa kupanda, zile zenye rangi nyekundu, bluu au kijani. Zimepakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu. Kuosha hakutoshi. Kazi yake ni shamba tu.

La tatu: mtoto aliyekwisha vimba miguu, au aliyekonda sana, mbegu hazitamponya. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Na mtoto mwenye kuhara hupewa maji ya chumvi na sukari ya kituo pamoja na vidonge vya zinki, kama shirika la afya la dunia lilivyoagiza tangu mwaka 2004. Zinki ya mbegu za maboga humlinda mzima, lakini haishiki mahali pa vidonge vya mgonjwa.

La nne ni la wale watakaouza. Najua ya kuwa mtakapoona mbegu hizi ni tamu, mtazifunga katika karatasi kama karanga na kuzipeleka Kadutu au Nyawera. Ni vizuri, feza ya halali ni msaada. Lakini fanyeni hesabu: sukari, makala, karatasi, na siku ya kazi. Kinachobaki ndicho faida. Na kabla ya kufunga hata karatasi moja, toeni fungu la watoto wa nyumba. Tumeona jambo hili kwa maziwa, kwa mayai na kwa sambaza: kizuri chote chaenda sokoni, na aliyekilea anarudi na unga wa muhogo. Mbegu zisifuate njia hiyo.

Fungu lenyewe si kubwa. Mbegu zilizomenywa za kujaa kiganja cha mtu mzima, kama gramu 30, zina protini karibu gramu 9. Mtoto wa miaka minne mpaka minane anahitaji kama gramu 19 kwa siku. Basi kiganja kimoja ni karibu nusu ya siku yake, na maharagwe ya jioni yatamaliza kazi. Ampe mama asubuhi kabla ya shule, na kipande cha pera au chungwa pamoja nazo, kwa maana matunda hayo husaidia mwili kushika chuma iliyo ndani ya mbegu.

Nanyi mababa, msiseme kwamba hii ni kazi ya jikoni, haiwahusu. Mvua zikianza mwezi wa tisa, chimba mashimo kando ya shamba la mahindi, umbali wa hatua mbili au tatu, jaza samadi na majani yaliyooza, tia mbegu mbili au tatu kila shimo. Zikiota, acha mche mmoja wenye nguvu. Mashimo matano yatosha kwa kuanza.

Basi nendeni mkajaribu. Boga litakalopasuliwa nyumbani juma hili, mbegu zake zisitupwe. Ziosheni, zikausheni, zikaangeni, na mtoto wa kwanza kunyoosha mkono apewe.

Kwaherini.