Kisiwa cha Ijwi: Mpaka Uliotukuta Tukikaa Pamoja



Katika siku hii ya Yubile tumeombwa kusema juu ya inchi yetu ya zamani. Vijana wetu huuliza mara nyingi: Nani ndiye mwenyeji wa kweli wa Ijwi? Ulizo hilo si dogo. Katika Kivu watu wengi wamefukuzwa, na wengine wameuawa, kwa sababu ya jibu lake. Basi sisi tulijibu kwa historia, si kwa hasira.

Ijwi ni kisiwa kikubwa cha Ziwa Kivu, chenye urefu wa kilometa 40 hivi. Batwa wanahesabiwa kuwa wakaaji wake wa kwanza. Baadaye wakaja wengine kwa mitumbwi, toka ngambo ya magharibi na toka ngambo ya Rwanda. Ndio mababu wa koo zetu: Banyambiriri, Bashaho, Banyakabwa, Balega, Beshaza na wengine. Mwanzoni mwa karne ya 19 Basibula, ukoo wa kifalme wa Bahavu, waliweka ufalme wao hapa, na Mwendanga akawa mwami. Lakini Basibula hawakutawala peke yao. Katika Muganuro, sikukuu ya malimbuko ya mavuno, koo mbalimbali zilikuwa na kazi zao, na pasipo hizo mwami hakuweza kuitimiza sikukuu. Ndiyo ginsi watu wa asili nyingi walivyopata kuwa watu wamoja, wenye kusema Kihavu.

Taabu nazo zilikuja. Mwami Rwabugiri wa Rwanda alishambulia kisiwa, na mwami wetu Kabego akauawa. Watu wa Rwanda walitutawala mpaka Rwabugiri alipofariki katika mwaka 1895. Kisha ukoo wa Kabego ukarudi katika kiti chake.

Wakati huo Wazungu walikuwa wamekwisha kugawanya inchi. Katika mwaka 1885 Dola ya Uhuru ya Kongo ilitangaza mipaka yake kwa mistari ya karatasi, na hakuna Mzungu aliyekuwa amefika kwenye ziwa letu. Mjerumani von Götzen alifika katika mwaka 1894 tu. Kwa hiyo Wajerumani na Wabelgiji walibishana miaka mingi juu ya Kivu. Mwishoni, katika mwaka 1910, walipatana huko Brussels: ngambo ya mashariki ikawa ya Wajerumani, Ijwi ikawa ya Wabelgiji, na mto Ruzizi ukawa mpaka. Hakuna mzee wa Ijwi aliyeulizwa. Mtu aliyeoa ngambo ya mashariki alilala akiwa jirani, akaamka akiwa mgeni. Tena katika Septemba 1914 Wajerumani walikamata kisiwa kwa vita, na katika mwaka 1916 Wabelgiji wakakirudisha.

Ndugu wapendwa, tunajifunza nini? Mpaka ulitukuta hapa, haukutuumba. Sisi sote ni wana wa watu waliofika. Tofauti ni siku ya kufika tu. Yule anayemwambia jirani yake «Rudi kwenu» akumbuke kwamba babu yake mwenyewe alishuka katika mtumbwi. Katika mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka ziwa, wengi kati yetu waliwapokea nyumbani mwao. Hiyo ndiyo desturi ya Ijwi.

Lakini tusijisifu mno. Kama kutangulia kungekuwa ndiyo haki, Batwa wangekuwa wenye mashamba makubwa kuliko wote. Nao ndio leo wenye ardhi ndogo kuliko wote. Wanaosema «Sisi tulitangulia» hawapendi kuwataja. Yubile katika Maandiko ni mwaka wa kurudishiana ardhi. Basi tusiifanye kwa ngoma na chakula tu.

Mungu aibariki Ijwi na ngambo zake zote mbili.